Zimechomwa Mbele Yangu

Wewe uliyelifungua daftari hili, sikujui, na hilo ndilo linalonitia hofu. Kama limekufikia kwa makosa, lifunge sasa. Kama umeshaanza kusoma, basi nakusihi, kila neno la humu libaki nyuma ya meno yako. Usimsomee mtu, hata unayemwamini. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu daktari wangu hakijui, na Mama Capitoline, anayekijua, hajui kusoma. Jina langu naliandika mara hii moja: Fabien Zihindula.

Jumatatu, 15 Juni 2009

Redio imesema mafua haya mapya sasa ni ugonjwa wa dunia nzima. Haikusema kama yamefika Malawi. Daktari Mbewe wa meno, mwajiri wangu, hakungoja yasemwe. Asubuhi alituita sisi wawili, mimi karani na Mama Capitoline wa usafi, akatusomea waraka wake akiwa amesimama, kama mchungaji.

Alisema mashine ya kutoboa jino hurusha ukungu wa maji na mate, na ukungu huo humfikia yeye usoni kabla hata mgonjwa hajakohoa. Kwa hiyo tangu leo: glavu mpya kwa kila mgonjwa, miwani ya kinga, gauni la kazi, na barakoa mpya kwa kila mdomo. Hizi barakoa ndizo sisi watu wa Bukavu tunaziita kashene. Barakoa ikilowa imekufa, alisema, na maiti haimlindi mtu. Kisha akanipa ufunguo wa kabati.

Mimi ninaogopa vitu vingi, lakini kuchanganya vitu ndiko ninakokuogopa zaidi. Daktari ni msahaulifu. Hushusha barakoa kidevuni, akanywa chai, akaipandisha tena. Kwa hiyo nilichukua ile kalamu ya wino usiofutika, ya kuandikia chupa, nikaandika namba ya mgonjwa kwenye kona ya kila barakoa kabla ya kumpa. Mgonjwa wa kwanza, 1. Wa pili, 2. Daktari alicheka sana. Kufikia mchana alikuwa ananiita ndugu kwa Chichewa na kuniuliza mwenyewe, "Achimwene, hii niliyovaa ni ya nani?"

Jumanne, 16 Juni

Baridi. Mvua nyembamba isiyolowesha wala kukoma. Wagonjwa sita.

Ijumaa, 19 Juni

Leo tumechoma. Barakoa na glavu za wiki zinatiwa katika mfuko, mfuko unatiwa katika nusu ya pipa nyuma ya kliniki, na mimi nasimama mpaka ziishe. Kisha naandika katika kitabu: Zimechomwa mbele yangu. Natia sahihi na saa.

Moshi wake ni mchungu, unashika kooni kama kwinini. Nilifikiri: yote yaliyotoka katika vinywa vya watu ishirini na nane sasa yanaingia kwangu. Nilikohoa hadi nikatapika ukutani. Mama Capitoline aliniletea maji, akasema kifua changu ni kifua cha darasani. Hakusema kwa ubaya.

Jumapili, 21 Juni

Sikwenda Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Kila Jumamosi hupanda basi dogo hadi njia panda, kisha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi kambini, nalala kwa Mama na mdogo wangu Sophie, nasali nao Jumapili, narudi. Lakini mama yangu, Mama Eugénie, ni mkubwa wa wale wamama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa, na ana kifua tangu Bukavu. Nyumba zetu kule zimebanana. Mmoja akipiga chafya, jirani anasema "pole" akiwa kitandani mwake. Mimi nashinda na mate ya watu. Nimeamua kutokwenda mpaka ugonjwa upite.

Mama Capitoline, ambaye huenda kambini kila Jumamosi kwa dada yake, atanibebea barua. Nimempa na sukari na sabuni.

Chumba changu cha mjini, mtaa wa Mchesi, kina kitanda, ndoo na ukuta. Majirani walikuwa wanapika nsima, ugali wa hapa, na samaki. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

Jumatano, 24 Juni

Wagonjwa watano. Sijaongea na mtu kwa Kiswahili tangu jana asubuhi.

Ijumaa, 26 Juni

Siku ya kuchoma. Tangu alfajiri nilikuwa nauwaza ule moshi. Mama Capitoline alinikuta nimesimama mlangoni na mfuko, sitoki. Alininyang'anya mfuko taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi.

"Ingia mu nyumba," alisema. "Mi nitabichoma. We uko na kazi ya kalamu, mi niko na kazi ya majivu."

Nikaingia. Dirishani niliona moshi ukipanda. Nikaandika: Zimechomwa mbele yangu. Nilijiambia kwamba dirisha nalo ni mbele.

Jumatatu, 29 Juni

Mgonjwa wa 58 alikuwa msichana wa kwetu. Louise Nishimwe, anakaa mtaa wa Area 49 na familia ya kanisa lao, na ana kibali cha kukaa mjini, kitu ambacho mimi sina. Mimi nina barua ya daktari tu, isemayo kwamba ananihitaji. Nikisimamishwa njiani naionyesha, na mpaka leo imetosha. Barua hiyo ikikosekana, mimi ni mtu wa kurudishwa kambini.

Jino la nyuma limeoza. Alipokuwa akingoja ganzi ishike, tulizungumza. Amesoma hadi mwisho wa sekondari kama mimi. Mdomo ukiwa umekufa nusu, aliniambia:

"Mi sitakujua inje. Nimeona macho tu. Hata daktari iko na macho vile."

Nilitaka kushusha barakoa yangu dakika moja tu. Sikuishusha. Alipotoka nilifuta kiti alichokalia, maana ndiyo kanuni, na nilijichukia kwa kukifuta haraka hivyo.

Ijumaa, 3 Julai

Zimechomwa mbele yangu. Upepo.

Jumatatu, 6 Julai

Sikukuu ya uhuru wa hapa. Kliniki imefungwa. Bendera ndogo kwenye baiskeli. Nilikaa chumbani na barua yangu mfukoni, nikaisoma mara mbili, nikaikunja katika mikunjo yake ileile ili isichakae.

Ijumaa, 10 Julai

Mgonjwa wa 112 alikuja na shavu limevimba na macho mekundu. Nilimpima joto kama daktari alivyonifundisha, likapita thelathini na tisa. Nikaandika katika kitabu cha miadi: homa, kikohozi. Mahali pengine wangemrudisha, lakini usaha ulikuwa umeshafunga koo. Daktari alivaa kila kitu, hata kofia, akalipasua jipu. Mgonjwa alimkohoa usoni mara tatu. Daktari alipotoka, maji yalikuwa yanatiririka kwenye miwani yake, na barakoa ilikuwa imemganda mdomoni kama jani lililolowa. Niliichukua kwa koleo nikaitupa kwenye mfuko. Niliiona namba yangu: 112, ile 2 ina mkia mrefu, kama walivyotufundisha masista.

Jioni Mama Capitoline alichukua mfuko. Hatuongei tena juu ya jambo hilo. Anafungua kiganja, mimi natoa.

Zimechomwa mbele yangu.

Jumapili, 12 Julai

Mama Capitoline amerudi. Anasema Mama yuko vizuri, anatembea nyumba kwa nyumba maana kikohozi ni kingi kule, na ananishukuru sana kwa zawadi. Kwa hiyo sukari ilifika.

Jumatano, 15 Julai

Baridi inauma mifupa. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama mimi ni bubu.

Ijumaa, 17 Julai

Lazima niandike hili japo hakuna aliyeniuliza. Leo nilifungua dirisha. Moshi uliingia, na haukuwa mchungu. Ulikuwa moshi wa majani makavu, mzuri kabisa, kama wa shambani. Nilisimama na kalamu juu ya kitabu. Hatua za kwenda kwenye pipa ni kumi na nne.

Nikaandika: Zimechomwa mbele yangu.

Jumatano, 22 Julai

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Mama Capitoline alileta barua ya Sophie. Ilitumwa kwa mtu aliyepita Kauma, mtaa anakokaa Mama Capitoline, akampa. Barua ni fupi, kwa Kiswahili cha Bukavu: yaya ni kaka, kuya ni njoo. Ninaiandika hapa ilivyo ili nisiweze kujidanganya baadaye:

"Yaya Fabien. Mama anagonjwa tangu siku ine. Anakohoa, anapata homa, mgongo inamuuma. Ba mama wengine babili ba kanisa nabo banagonjwa. Lakini Mama anasema tusiogope juu anavaa kashene uliyomutumia, hataki kuitoa, anasema iko na mukono yako. Ni ile ya 112. Batu bote ba kanisa banakushukuru juu ya zile kashene. Kuya."

Nilisoma mpaka 112. Nikarudi mwanzo. Nikasoma tena mpaka 112.

Mama Capitoline alikuwa anapiga deki. Nilimwomba aketi. Nikamuuliza zile za pipa zinakwenda wapi. Hakuficha. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye siri yake nzuri imejulikana hatimaye. Alisema huziloweka usiku katika maji ya sabuni, huzianika ndani, na kuzipiga pasi ya makaa mpaka zinarudi kuwa karatasi mpya. Zilizochanika huzishona. Jumamosi huzipeleka Dzaleka kwa wale wamama wanaotembelea wagonjwa, ambao walikuwa wanajifunga vitenge puani. Pipani huwasha majani na glavu chache.

"Mama yako aliniuliza juu ya nini mutoto haji," alisema. "Nilimwambia: haji, lakini anakutumia hizi. Akalia. Nilifanya mubaya?"

Nilimwambia zimekufa. Barakoa ikilowa imekufa. Ukiifua na kuipiga pasi haizuii kitu tena, ni picha ya barakoa. Mama ameingia nyumba zote za wagonjwa akiwa amevaa picha.

Kisha alisema kwamba walipokuwa wanakimbia vita msituni, alimfunga mwanawe kidonda kwa kipande cha mfuko wa unga, akakifua, akakifunga tena, mwezi mzima, na mtoto alipona. Kitu kilichofuliwa ni kitu kizuri. Hajawahi kuona watu wakichoma kitambaa kisicho na tundu.

"We ulisoma," alisema. "We ulikuwa na macho kwa dirisha. Juu ya nini haukutoka ukaniambia, Capitoline, hapana?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake halifai kusemwa na mtu mwenye diploma. Niliogopa moshi. Mama yangu nilimkwepa wiki tano nisimpelekee ugonjwa. Sikwenda mimi, zilikwenda namba zangu.

Alhamisi, 23 Julai

Nikimwambia daktari, barua yangu imekwisha, na huenda kazi ya Mama Capitoline imekwisha pia. Nisipomwambia, nitakwenda kambini mikono mitupu kumwambia nani avue nini? Na wale wamama wataingia nyumba nyingine Jumapili.

Sijasema. Wagonjwa sita.

Ijumaa, 24 Julai

Saa kumi jioni kitabu kilikuwa mezani kimefunguliwa. Juu kulikuwa na sahihi zangu tano, moja chini ya nyingine, safi, zimelingana. Ya kwanza tu ndiyo ya kweli.

Nilikibeba kitabu nikaingia kwa daktari. Alikuwa anavua glavu. Nilianza kwa Kiingereza, kikaniponyoka, nikaendelea kwa Chichewa kibovu. Nilimwambia kwamba nimeweka sahihi kwa moto ambao sikuuona, kwamba barakoa zimefuliwa na kupelekwa kambini, kwamba mama yangu anaumwa. Aliniuliza nani alizibeba. Nikasema mfuko ulikuwa wangu.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Capitoline aliingia na ufagio wake, akasimama karibu nami, bega likanigusa. Hajui Kiingereza, lakini alikijua kitabu nilichoshika.

"Umuambie mi njo nilibeba," alisema. "Usinifiche. Mi si kitu ya kuficha."

Nikatafsiri. Nilikuwa namwona siku zote kama mwanamke wa majivu, aliyenihurumia, niliyemhurumia. Leo nilijua ni nani kati yetu aliyekuwa na kifua.

Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Sijawahi kumwona akikaa hapo. Hakupaza sauti. Aliuliza dalili za Mama moja moja, akaandika dawa, akaeleza ni lini apelekwe hospitali bila kungoja. Akasema hajui, na hakuna atakayejua, kama homa ya Mama ilitoka kwa namba 112 au kwa mgonjwa aliyemtembelea. Lakini kwamba aliingia bila kinga akidhani anayo, hilo linajulikana. Kisha akafungua kabati kwa ufunguo wangu, akatoa maboksi mawili mapya.

Mama Capitoline atabaki. Hakuandika uongo popote, alisema daktari. Alikosea kwa kutojua, na kutojua anaweza kumfundisha. Mimi siwezi kubaki. Kitabu kile kikikaguliwa, kliniki nzima ni ya uongo kuanzia Juni. Barua niirudishe nitakapokuja kukabidhi.

Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Achimwene. Ungeniambia tu kwamba unaogopa moshi. Ningeuwasha moto mwenyewe."

Jumapili, 26 Julai, Dzaleka

Mama amekonda. Anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Barakoa ilikuwa usoni, imepigwa pasi, na namba yangu kwenye kona chini ya jicho. Alipotaka kunishika nilirudi nyuma hatua moja, na nikaona jinsi hatua hiyo ilivyomwingia.

Sikumwambia mara moja. Nilikwenda kwanza kanisani, maana baada ya ibada wale wamama wangetawanyika kwa wagonjwa. Nilimwomba mchungaji dakika tano. Nilisimama mbele nikavua barakoa yangu ili wajue ni nani anayesema, nikiwa mbali nao hatua kumi. Nikaeleza kila kitu, bila kumtaja Mama Capitoline. Nilisema mimi nilipewa mfuko wa kuchoma, na sikuuchoma, na niliandika kwamba nimeuchoma.

Mzee mmoja aliuliza kama wanaowauzia maskini takataka za wazungu ndio walionituma. Mwanamke ambaye dada yake ni mgonjwa alisema polepole, bila kunitazama, "Tulikuombea, we. Kila siku tulikuombea kwa jina."

Kisha wakaanza kuzitoa. Zilitoka katika Biblia, katika vitenge, katika mikoba. Moja ilikuwa imefungwa na ua la kitambaa. Waliziweka chini mlangoni, mmoja mmoja, wakipita upande wa mbali nami. Niliwapa mpya kutoka kwenye maboksi. Wengine walikataa. Siwalaumu: wangejuaje kwamba hizi ni mpya kweli?

Ikabaki ya Mama. Nilimweleza nikiwa nimechuchumaa kizingitini. Alisikiliza amefumba macho.

"Nilikuwa naivaa," alisema, "nikisema hii ni mukono ya Fabien. Inanishika ku shavu."

Akaifungua mwenyewe, kamba ya juu, kamba ya chini, akampa Sophie, Sophie akaiweka chini karibu nami. Nikamwachia mpya. Hakuna namba juu yake.

Nilichimba shimo nyuma ya nyumba. Sikuruhusu mtu asogee. Upepo uligeuka ukaniletea moshi wote usoni, ule mchungu, na nilikaa pale pale. Nilikohoa, nikalia, sikuondoka. Namba zilikuwa zinajikunja moja moja: 39, 64, 87, 58 ya Louise. 112 niliiweka mwisho, nikaigeuza kwa kijiti mpaka mkia wa ile 2 ukaisha.

Zimechomwa mbele yangu. Saa nane na robo mchana.

Alhamisi, 6 Agosti

Homa imemwacha Mama. Pumzi bado fupi. Wale wamama wawili wamepona. Nalala peke yangu katika kibanda cha majirani waliohamishwa. Sophie ananiwekea chakula kwenye jiwe na kurudi nyuma. Kisimani foleni inafunguka nikifika. Wengine wanaogopa ugonjwa, wengine wananiogopa mimi, na foleni ni ileile.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimerudi kliniki kwa saa moja tu, kukabidhi. Mama Capitoline alinionyesha pipa: sasa huchoma yeye na daktari pamoja, Ijumaa kwa Ijumaa, naye huweka kidole gumba mahali pa sahihi. Wino umemkaa kidoleni, anautazama kama pete.

Daktari aliniomba nimtajie mtu msomi mwenye kibali. Nikamtaja Louise. Anaanza Jumatatu. Barua yangu nimeirudisha ikiwa na mikunjo yake ileile.

Kwa hiyo, Louise, ni wewe. Daftari hili nimeliweka chini ya boksi la glavu, rafu ya chini, mahali ambapo ni mwenye ufunguo tu anayefika. Lile ombi la ukurasa wa kwanza nalipunguza: ya moto, msimulie yeyote atakayeshika kalamu mahali hapo. Yaliyobaki, hasa ya tarehe 29 Juni, yaache kati yetu. Namba usiache kuziandika. Na Ijumaa toka nje.

Ukitaka kunifikia, usitafute simu, sina. Barua mpe Mama Capitoline Jumamosi, anajua kuifikisha. Ukija mwenyewe, shuka njia panda, chukua kabaza hadi kambini, pita kanisa letu, hesabu nyumba tisa mkono wa kushoto mpaka kwenye cherehani ya Mama Eugénie chini ya paa la nyasi. Uliza Fabien. Wa kwanza atakuambia hakuna mtu wa jina hilo. Mshukuru, uliza wa pili. Kibanda changu kiko nyuma, kina jiwe bapa mbele ya mlango. Usigonge mlango. Simama kwenye jiwe, sema "odi" kwa sauti, kisha ngoja, maana nitachelewa kuamini. Uso wangu hujawahi kuuona. Ni yule atakayetoka.